Kihariri cha Maandishi katika Tovuti ya Chuo: Pambo au Zana ya Kufundishia?

Mwalimu anapokwenda darasani huchagua zana zake. Habebi kila picha iliyomo stoo wala kila rangi ya chaki iliyomo kabatini, bali huchukua zile tu zitakazomsaidia mwanafunzi kulielewa somo la siku hiyo. Kanuni hii tumeifundisha kwa miaka mingi katika vyuo vyetu, na hakuna mkufunzi anayeipinga. Hata hivyo, tangu kazi za wanachuo zilipoanza kuandikwa na kusahihishwa katika tovuti, ipo zana moja ambayo tumeiacha iingie darasani pasipo kuichagua. Zana hiyo ni kihariri cha maandishi, yaani kile kisanduku kinachopachikwa ndani ya ukurasa wa tovuti ili mwanachuo aandikie jibu lake, juu yake pakiwa na safu ya vitufe vya herufi nene, vichwa vya habari, orodha, picha na rangi.

Katika makala haya tunakusudia kutetea hoja moja: kwamba kupachika kihariri katika tovuti ya chuo ni uamuzi wa ufundishaji kabla haujawa uamuzi wa ufundi, na kwa hiyo wakufunzi hawana budi kuufanya wao wenyewe. Mifano yetu tutaitoa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa. Tumefanya hivyo kwa sababu hali ya huku ni hali ya vyuo vingi nchini: wanachuo wengi husoma na kuandika kwa simu, kila megabaiti hulipiwa, na wapo wanaowaza kwa Kifipa, wakaandika kwa Kiswahili, katika mashine inayosema Kiingereza. Kihariri kinachofaa hapa kitafaa karibu kila mahali.

Kihariri hufanyaje kazi?

Yafaa tuanze na historia kidogo. Kivinjari cha kwanza cha wavuti, alichokitunga Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1990, kilikuwa cha kusomea na cha kuandikia pia. Vivinjari vilivyoenea baadaye vilibaki vya kusomea tu. Aliyetaka kuandika alipewa kisanduku kitupu kilichopokea herufi bila muundo wowote. Mwaka 2000 kivinjari cha Internet Explorer 5.5 kilileta sifa iitwayo contenteditable, ambayo huiwezesha sehemu yoyote ya ukurasa kuandikwa papo hapo. Vivinjari vingine vikafuata. Juu ya msingi huo zikajengwa programu za kihariri zilizo tayari kupachikwa, kama vile FCKeditor mwaka 2003 na TinyMCE mwaka 2004.

Ugumu ulijitokeza mapema. Vivinjari havikukubaliana juu ya jambo dogo kama kubonyeza kitufe cha kuanza mstari mpya: kimoja kilianzisha aya mpya, cha pili kilitia sanduku, cha tatu kilikata mstari tu. Machoni matokeo yalifanana. Ndani ya msimbo wa HTML yalikuwa mambo matatu tofauti. Kwa sababu hiyo vihariri vya baadaye, kama vile ProseMirror na CKEditor 5, viliacha kukitegemea kivinjari kiamue. Vyenyewe hushika kielelezo cha maandishi, vikajua kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha, kisha vikamwonyesha mwandishi sura yake. Funzo la ufundi huo ndilo funzo letu sisi walimu: maandishi yana muundo na yana sura, na muundo ndio unaotangulia.

Kwetu Tanzania jambo hili si la mbali. Mwaka 2005 ulianzishwa mpango wa kuingiza TEHAMA katika vyuo vya ualimu vya serikali kwa msaada wa Sweden, na mwaka 2007 ikatolewa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hutumia Moodle, mfumo ulioanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA, nayo yana mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mifumo ya namna hii humtaka mwanafunzi aandike: insha, mjadala, maelezo ya somo alilofundisha. Na mahali pa kuandikia ni kisanduku hicho tunachokizungumzia.

Vitufe vichache vyenye maana

Tuchukue mfano wa insha. Mwanachuo ametakiwa aeleze jinsi Wafipa wa zamani walivyopata chuma. Kazi hiyo ilikuwa na hatua zake. Kwanza, mawe ya chuma yalichomwa kwa makaa katika tanuru refu la udongo liitwalo iluungu, lililopita kimo cha mtu, na hewa ikaingia yenyewe kupitia matundu ya chini pasipo mivukuto. Pili, chuma kilichopatikana, kikiwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma, kilisafishwa katika tanuru dogo lililovukutwa. Tatu, mhunzi alikifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Insha hii inadai kichwa, vichwa vidogo na orodha yenye namba, kwa maana mpangilio wa hatua ndio elimu yenyewe. Atakayebadilisha hatua ya pili na ya kwanza hatakuwa amekielewa chuma cha Ufipa.

Sasa mpe mwanachuo huyo kihariri chenye vitufe thelathini. Atakuta aina za herufi, ukubwa wake, rangi za maandishi na rangi za nyuma ya maandishi. Atakapotaka kichwa cha habari ataikuza herufi, aipake buluu, kisha aendelee. Jicho litaona kichwa, lakini mashine itaona aya kama aya nyingine. Namba za hatua ataziandika kwa mkono, na akiongeza hatua katikati itambidi azifute zote na kuziandika upya. Mwenzake asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu ya sauti, hataweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kwani vichwa havipo. Zipo herufi kubwa tu. Na mkufunzi atakuwa amefundisha kupaka rangi badala ya kupanga fikra.

Kwa hiyo tunapendekeza kihariri cha insha kiwe na vitufe vya muundo pekee: vichwa vya ngazi mbili, orodha ya namba na orodha ya nukta, nukuu ndefu, msisitizo, kiungo, na vitufe vya kutengua na kurudia. Jedwali na picha viongezwe pale kazi inapovihitaji. Rangi na aina za herufi viondolewe. Jambo hili halihitaji fundi bingwa. Vihariri vingi vinavyotumika leo humruhusu anayekipachika aandike orodha fupi ya vitufe anavyovitaka, na visivyotajwa havionekani. Katika simu faida yake ni kubwa zaidi, kwa sababu safu ndefu ya vitufe hula nusu ya kioo kabla neno moja halijaandikwa.

Wino mwekundu usiostahili

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza. Sisi walimu tunajua maana ya wino mwekundu. Mtoto akiuona chini ya neno lake hujua kwamba amekosea. Haulizi ni nani aliyeutia. Kivinjari kilichowekewa kamusi ya Kiingereza hukagua tahajia ya kila kinachoandikwa, na mwanachuo aandikapo Kiswahili safi hupigiwa mstari mwekundu chini ya karibu kila neno. Neno “tanuru” ni kosa. Neno “mhunzi” ni kosa. Neno “iluungu” ni kosa maradufu. Mwanafunzi anayeandika kurasa tatu za namna hii amefundishwa jambo ambalo hakuna mkufunzi aliyelikusudia: kwamba lugha yake ni mkusanyiko wa makosa.

Zaidi ya hayo, mstari ulio chini ya kila neno hausaidii tena kuonyesha kosa la kweli. Aliyeandika “tanulu” na aliyeandika “tanuru” wamepigiwa mstari uleule. Makosa ya r na l, ambayo walimu wa Kiswahili hupambana nayo kila siku, hupotea katika msitu huo mwekundu.

Dawa ipo, nayo si ghali. Anayepachika kihariri anaweza kuuzima ukaguzi wa tahajia wa kivinjari kwa sifa moja tu katika msimbo. Hatua iliyo bora zaidi ni kuweka kamusi ya Kiswahili. Ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili si ndoto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na orodha za maneno ya Kiswahili kwa ajili ya programu huria zimekuwapo tangu wakati huo. Kamusi hiyo iachiwe nafasi ya kuongezwa maneno ya chuo: istilahi za masomo, majina ya mahali, na maneno ya Kifipa ambayo insha za utamaduni haziwezi kuyakwepa. Lakini mpaka kamusi hiyo ipachikwe, ni afadhali pasiwe na mstari wowote kuliko kuwa na mstari unaosema uongo.

Hapa tuongeze jambo dogo ambalo mafundi wasiojua Kiswahili hawawezi kulifikiria. Maneno yetu kama ng'ombe, ng'ambo na king'amuzi yana alama ya ritifaa. Kibodi hutoa ritifaa iliyonyooka, lakini programu nyingi za kuandikia huigeuza kimyakimya kuwa alama iliyopinda. Machoni ni kitu kimoja. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Mkufunzi akitafuta “ng'ombe” katika kazi za wanachuo wake, mashine inaweza kumletea nusu tu ya kazi zilizomtaja ng'ombe. Kihariri cha chuo kifanywe kiigeuze ritifaa iliyo katikati ya neno kuwa ya namna moja kila inapoingia.

Umeme ukikatika

Mji wa Sumbawanga uliishi miaka mingi kwa umeme ulionunuliwa Zambia, na watu wake wanajua vizuri kukaa gizani. Hata pale umeme upo, mtandao hukatika, betri ya simu huisha, na kifurushi humalizika katikati ya sentensi. Kihariri kilichotungwa kwa ajili ya mji usiokatikiwa umeme humngoja mwandishi abonyeze kitufe cha kutuma. Akikatikiwa kabla ya hapo, kazi ya saa mbili imekwenda. Mwanachuo aliyepoteza insha mara mbili hujifunza kuandika insha fupi, na hilo ni pigo kwa ufundishaji wa utungaji.

Kihariri cha chuo hakina budi kuhifadhi rasimu chenyewe kila baada ya sekunde chache, kwanza katika ghala dogo la kivinjari ambalo halihitaji mtandao, kisha katika seva mtandao unapopatikana. Kuna tahadhari moja. Katika chumba cha kompyuta cha chuo mashine moja hutumiwa na wanachuo wengi, kwa hiyo rasimu ifungwe kwa jina la mwenyewe na ifutwe katika mashine mara inapofika salama kwenye seva. La sivyo mwanachuo wa zamu ya jioni atakuta insha ya mwenzake wa asubuhi.

Uzito nao uangaliwe. Vipo vihariri vinavyomlazimu msomaji kupakua mamia ya kilobaiti kabla ya kuandika, na vipo vya kilobaiti chache. Lakini uzito mkubwa zaidi hutoka kwenye picha. Kihariri kisichodhibitiwa huigeuza picha iliyobandikwa kuwa msururu wa herufi ndani ya maandishi, na kwa kugeuzwa hivyo picha huongezeka kwa theluthi moja. Picha ya simu ya megabaiti 3 huwa megabaiti 4. Wanachuo 30 wakibandika picha moja kila mmoja, mkufunzi atapakua megabaiti 120 ili asome kazi ya darasa moja. Picha ipunguzwe ukubwa na ipelekwe kama faili, halafu ndani ya maandishi kibaki kiungo tu.

Tanuru la pili

Wahunzi wa Ufipa hawakukiamini chuma kilichotoka katika tanuru refu. Walikipitisha katika tanuru dogo kwanza. Maandishi yanayotoka katika kihariri nayo yanastahili kutendewa vivyo hivyo. Mwanachuo anakili kutoka programu ya ofisini na kubandika. Pamoja na maneno yake zinaingia alama nyingi zisizoonekana za mitindo ya programu ile. Zikiachwa, ukurasa wa chuo huharibika sura na kuwa mzito. Hiyo ni takataka isiyo na nia mbaya.

Ipo takataka yenye nia mbaya. Mwezi wa Oktoba 2005 kijana mmoja wa Marekani, Samy Kamkar, aliandika msimbo katika ukurasa wake wa MySpace ukaupenya uchujaji wa tovuti hiyo. Kila aliyeutazama ukurasa huo aliambukizwa, na katika muda usiozidi siku moja kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeathirika. Katika tovuti ya chuo njia kama hiyo ingeweza kumfikisha mwovu kwenye alama za mtihani kwa kutumia kibali cha mkufunzi aliyefungua insha tu. Ieleweke kwamba uchujaji wa ndani ya kihariri hautoshi, kwa kuwa mwovu anaweza kukiruka kihariri na kutuma msimbo wake moja kwa moja. Tanuru la pili ni seva. Huko iwekwe orodha ya alama zinazokubaliwa, na nyingine zote zitupwe. Na hapa ile orodha fupi ya vitufe inatulipa tena: chuo kinachoruhusu mambo manane kina mambo manane tu ya kukagua.

Pingamizi

Watakuwapo wenzetu watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na mwalimu abaki na chaki yake. Tunawajibu kwamba fundi anaweza kujua namna ya kupachika, lakini hawezi kujua kwamba somo la wiki hii ni mpangilio wa hatua, wala kwamba mstari mwekundu unamvunja moyo mwandishi wa Kiswahili. Seremala hutengeneza ubao. Mwalimu ndiye husema utundikwe wapi.

Wengine watasema kwamba kupunguza vitufe ni kumnyima mwanachuo uhuru. Mwanafunzi anayejifunza hati hupewa daftari lenye mistari, na hakuna aliyeiita mistari ile gereza. Akishajua kuandika atatumia karatasi tupu.

Kundi la tatu litasema kisanduku kitupu kinatosha, na atakayetaka vichwa ajifunze alama zake. Hoja hii ina uzito, kwani kisanduku kitupu ni chepesi na salama. Lakini Wikipedia ilianza kwa alama za namna hiyo mwaka 2001, na kufikia mwaka 2013 ikaona haja ya kuwawekea waandishi wake kihariri cha kuonyesha sura, ili wasioweza kuzishika alama nao waandike. Mwanachuo anayepambana na hoja yake asiongezewe pambano la pili.

Namna ya kulifundisha jambo hili

Tusiishie katika kulalamika. Tunapendekeza wakufunzi wa TEHAMA na wa Kiswahili washirikiane kuendesha vipindi vinne. Katika kipindi cha kwanza wanachuo waandike aya moja katika sehemu yenye sifa ya contenteditable, kisha wafungue msimbo na kutazama kivinjari kimezalisha nini. Katika kipindi cha pili wapachike kihariri huria kilicho tayari, wakihifadhi faili zake katika kompyuta ya chuo ili zisipakuliwe kila mara, na waandike wenyewe orodha ya vitufe kwa kutaja sababu ya kila kimoja. Katika kipindi cha tatu wabandike maandishi kutoka programu ya ofisini, wahesabu alama zisizohitajika, na wajaribu kuzichuja. Katika kipindi cha nne wazime mtandao katikati ya kuandika na kuona kama kazi yao imesalimika.

Vipindi hivi havihitaji intaneti baada ya faili kupatikana mara moja, wala havihitaji kompyuta zaidi ya zile chache ambazo chuo kinazo, kwa maana kazi inaweza kufanywa kwa vikundi. Mwanachuo atakayevimaliza ataondoka na maarifa mawili: atajua kwamba tovuti imetengenezwa na watu na inaweza kurekebishwa na watu, na atajua kutofautisha muundo wa maandishi na pambo lake. Atakapofika katika shule yake, iwe Laela, Namanyere au Kasanga, maarifa hayo yatamfaa hata pale ambapo zana pekee aliyonayo ni ubao na chaki.

Tunawasihi basi walimu wenzetu, kabla ya muhula ujao kuanza, waifungue tovuti ya chuo chao, waandike ndani yake aya tatu za Kiswahili kwa simu ya kawaida, na wajiulize: kisanduku hiki kinamfundisha nini mwanafunzi wetu? Jibu likiwa si lile walilolitaka, waende kwa fundi wakiwa na orodha ya mambo wanayoyadai, wala wasitoke mpaka yametimizwa.